Samaki Aliyelala Chali

Dada Futa alikuwa akilipwa na serikali ili aharibu michoro ya watu. Jina hilo alipewa na mtaa, na mtaa ukishakubatiza hakuna wa kukuvua jina. Zamani alikuwa fundi wa mabango. Saluni, duka la dawa, gereji, zote zilipita kwenye brashi yake. Kisha mashine za kuchapa mabango zikaingia mjini, kazi ikakauka, na siku ofisi ya kuzuia magenge ilipotangaza kwamba inatafuta fundi rangi, yeye alikuwa wa kwanza mlangoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Vijana wa magenge huchora alama zao ukutani, na ofisi ilikuwa na watafiti wa kuzisoma. Walikuwa wamegundua jambo moja kubwa: genge likichora alama ya wapinzani wao ikiwa imepinduliwa, basi siku hiyohiyo kuna watu watavamiwa. Kwa hiyo Dada Futa alipewa ndoo ya rangi, ngazi, simu yenye kamera na sheria moja: piga picha, tuma, ndipo ufute. Picha ya alama iliyopinduliwa ikifika, gari la wapatanishi linatoka. Humo ndani kuna ofisa wa ustawi wa jamii na wanaume wawili watatu waliowahi kuwa wahuni wa kutupwa, watu ambao vijana wanawasikiliza. Wanakaa na upande huu, wanakaa na upande ule, mpaka mapanga yanarudi uvunguni. Si mara zote, tusidanganyane. Lakini mara nyingi.

Ungedhani mtu mwenye kazi kama hiyo analala vizuri. Wapi! Mdogo wake, aliyemlea mwenyewe baada ya mama yao kufariki, alikuwa ameingia genge la Wembe. Siku alipojua, alimwambia, "Mpaka utoke kwa watu hao, usinikanyagie hapa." Mdogo mtu naye, kichwa kigumu kama dada yake, akachukua begi akaenda. Tangu hapo wakikutana njiani, kila mmoja anaona kitu cha maana sana upande wa pili wa barabara. Dada Futa aliwatangazia majirani kwamba amemtema. Halafu king'ora cha polisi kikilia anaacha mboga iungue jikoni na kukimbilia dirishani. Damu nzito kuliko maji, ila usimwambie, atakubishia.

Asubuhi moja alianza, kama kawaida yake, na ukuta wa ghala la mbao nyuma ya soko, kabla watu hawajajaa. Akakuta samaki. Samaki ni alama ya genge la Papa, wanaoshika upande wa soko. Huyu alikuwa amelala chali, tumbo juu, mapezi chini. Alama imepinduliwa, maana yake hapahapa sokoni, leo hii, kuna watu watakatwa.

Akatoa simu, akainyanyua, kisha akauona mkia.

Ule mkia aliufundisha yeye. Walikuwa wanachora bango la duka la samaki, mdogo wake akiwa bado anavaa kaptura ya shule, naye akamshika mkono: unashuka, unazungusha kiganja, unainua ghafla, usirudie. Mjini pote hakuna mwingine aliyekuwa akimaliza mkia namna ile. Yaani mdogo wangu, alijiambia, ndiye anayetangaza mauaji sasa? Watafiti wangeuliza mkono huu ni wa nani. Wangeuliza huku na huko mpaka wampate wa kuwajibu, na polisi walikuwa ghorofa ya juu ya jengo lilelile.

Akarudisha simu mfukoni. Akachovya brashi, akapaka. Hakupiga picha wala hakutuma.

Baada ya hapo alikuwa kama mtu aliyekalia siafu. Alienda ukuta wa pili bila ngazi, akarudi, akasahau ndoo. Adhuhuri alirudi nyumbani akaanza kuosha vyombo visafi. Alijiambia kwamba vijana huchora mengi, si yote huwa. Alijiambia kwamba amemwokoa mdogo wake. Yote mawili yalikataa kumkaa moyoni.

Mchana ukiwa umeanza kulegea, mlango ukagongwa. Ni mdogo wake, amekonda, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, dada."

"Nilikwambia nini kuhusu hapa?"

"Najua. Gari la wapatanishi mbona halijatoka? Ule ukuta wa ghala hukuupiga picha?"

"Nimeufuta," alisema, na ndani yake kulikuwa na kafahari kidogo, tusimfiche. "Niliujua mkono wako. Hakuna aliyeuona."

Mdogo wake alikaa chini palepale kizingitini.

"Dada, nilikuchorea wewe."

Ikabidi amweleze. Wembe walikuwa wamekatazana kuchora, kwa sababu wameshajua serikali inasoma kuta. Safari hii walikusudia kuvamia soko kimyakimya, jua likizama, wakati wauzaji wanafunga vibanda. Angeenda ofisini angeonekana. Angemwambia mtu, mtu huyo angeulizwa nani kakuambia. Lakini picha haiulizwi ukoo wake. Akajua dada yake huanza na ukuta ule, akachora alfajiri, akaondoka.

"Na mkia niliuweka makusudi," alisema. "Nilidhani ukijua ni mimi, ndiyo utaharakisha."

"Ndiyo maana nilificha," alisema Dada Futa, na akaona aibu mpaka masikioni. Mapenzi yake yalikuwa karibu kuwaua watu wa soko zima. "Rudi kwa wenzako wasikukose. Usinitazame hivyo, nenda."

Alitoka na ndoo ya maji na brashi ngumu ya kusugulia. Kwa muda mrefu alikuwa akiilaani rangi ya ofisi, rangi ya maji ya bei ya kutupa, ambayo mtu akiiegemea anaondoka nayo mgongoni. Samaki alikuwa wa rangi ya mafuta, ya kopo la kupuliza. Ya juu ingetoka, ya chini ingebaki. Aliegemeza ngazi ukutani, akatundika turubai kuficha anachofanya, akaingia nyuma yake, akaanza kusugua.

Maji meupe yalimtiririkia viwikoni. Likatokea tumbo, yakatokea mapezi.

"Fundi," sauti ilisema nje ya turubai, "leo unafuta au unafufua?"

Alichungulia. Kijana wa Wembe, anamjua kwa sura, anatafuna kijiti. Mdomo wa fundi haukosi neno.

"Rangi ya serikali hii, mwanangu. Asubuhi unaipaka, mchana inakuaga. Afadhali umekuja, ingia unisaidie kusugua, ukuta wenyewe huu mrefu."

"Mimi mgongo unanisumbua," alisema kijana, akapotea haraka. Kwa kukimbia kazi hawana mpinzani.

Mkia ulitokea mwisho, haukuharibika. Alipiga picha, akatuma. Jibu lilikuja: imepokelewa, gari linatoka. Akapaka upya palepale, akakunja turubai, akaenda kukaa kwake akisikiliza barabara kwa masikio yote mawili. Kila pikipiki ilimsimamisha. Kila aliyepita anakimbia alikuwa analeta habari ya msiba, mpaka anapita zake.

Jirani ndiye aliyemletea habari: wapatanishi wamefika sokoni, wengine wameenda maskani ya Wembe, watu wamekaa wameongea, vibanda vimefungwa salama. Dada Futa aliingia ndani akalia, kisha akanawa uso kwa hasira.

Juma lililofuata, kwenye kikao cha ofisi, mtafiti aliionyesha picha ile mbele ya wote. Alisema Wembe siku hizi wamekatazana kuchora, kwa hiyo aliyechora hakufanya vitisho; aliwaonya watu. Wangependa kumpata, wamshukuru. Kuna anayeujua mkono huu?

Dada Futa alitazama ule mkia. Alitaka kusimama aseme, ni mdogo wangu, nilimfundisha mimi. Polisi mmoja alikuwa amekaa karibu na dirisha, na kalamu yake ilikuwa tayari.

"Mkono huo? Siujui," alisema. "Wa ovyo ovyo tu."

Alipofika nyumbani alimkuta mdogo wake mezani. Alikuwa amerudi na begi lake, bila kuuliza, na hakuna aliyemkumbusha maneno ya zamani. Wembe hawakujua kilichowaponza, lakini walikuwa wakimtafuta yeye, aliyekosekana vikaoni.

"Ofisini walisemaje?" aliuliza mdogo wake.

"Wamesema aliyechora hajui kuchora mkia."

"Mwulize aliyemfundisha."

"Kula," alisema Dada Futa.

Alikula huku macho yakienda mlangoni kila kitu kikigonga nje. Dada yake akavuta kiti chake, akakiweka kati ya mdogo wake na mlango, akakaa.