Namba Tano Niliyoifuta

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa umri wa kuyaona makosa yangu na ulimi wa kuyasimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Nakumbuka siku moja pale Mchafukoge, mwanangu, miaka ile biashara ilipofunguliwa milango na Kariakoo ikajaa kompyuta kuukuu zilizouzwa barazani pamoja na feni na pasi. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa kwenye duka la steshenari na fotokopi la mzee Kantilal. Alikuwa Mhindu mpole, kila asubuhi akiwasha udi mbele ya picha za miungu yake, nami nikimsubiri nje mpaka amalize. Kompyuta yetu ilitumia Linux, mfumo ambao mtu huruhusiwa kuunakili na kumpa mwenzake. Humo niliweka orodha ya chama chetu cha kuzikana, sisi watu tuliotoka kusini. Mimi ndiye niliyekuwa katibu. Daftari la karatasi nilikuwa nimelitupa, nikisema ni mambo ya kizamani. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Katika mfumo ule kuna mafaili yanayoitwa maktaba. Hayo si mali ya programu moja. Ni kama sufuria za shughuli za mtaa: hukaa mahali pamoja, na kila mwenye harusi au msiba huenda kuziazima. Wiki moja kabla ya siku hiyo, diski ilijaa. Nikakuta maktaba mbili zenye jina moja, moja namba tano, nyingine namba sita. Nikaifuta ya tano, maana ilikuwa ya zamani. Sikujiuliza ni nani bado anaiazima.

Basi asubuhi hiyo akaja mwenyekiti wa chama. Fundi Selemani, mshona viatu wa Msimbazi, alikuwa amefariki alfajiri chumbani kwake, peke yake. Ndugu yake alikuwa mmoja tu, dada yake Bi Zuhura, aliyeishi Kigamboni. Kigamboni ipi, hakuna aliyejua. Namba ya simu ya duka la jirani yake ilikuwa kwenye orodha yangu.

"Tunazika baada ya alasiri," mwenyekiti akasema. "Mpigie, awahi kumwona kaka yake uso."

"Dakika mbili tu, mzee."

Orodha haikufunguka. Kioo kiliandika mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba maktaba fulani, namba tano, haikupatikana. Nikaufunga. Nikaiondoa programu ya orodha, nikaiweka upya. Mstari uleule. Nikarudia tena na tena. Adhuhuri ikaadhiniwa, nikaswali mbiombio, Mungu anisamehe. Niliporudi nikaleta ujanja: nikaibandika ile ya sita jina la ile ya tano. Programu ikafunguka, ikaonyesha majina mawili, ikazimika.

Mzee Kantilal alikuwa akikata karatasi. Akaweka mkasi chini.

"Inasemaje hiyo?"

"Inasumbua tu, mzee."

"Sijauliza inafanya nini. Nimeuliza inasemaje. Nisomee."

Nikamsomea.

"Toka asubuhi inakutajia inachotaka, kwa jina na namba. Wewe unaipa kingine kwa jina la uongo. Mimi nikichukua karatasi ya A3, nikaandika juu A4, itaingia kwenye mashine?"

"Haiingii, mzee."

"Basi. Ile sidii ya mwanzo, uliyowekea mfumo, iko kwenye droo, chini ya kadi za harusi."

Kilichobaki kilikuwa kifupi kuliko kuchemsha chai. Nikaliondoa jina la uongo. Nikaitoa namba tano kwenye sidii, nikairudisha kando ya namba sita, maana zinaweza kukaa pamoja bila ugomvi. Kwa amri ya ldconfig nikauambia mfumo uzitambue upya maktaba zake. Kwa amri ya ldd nikaiuliza programu kama bado inakosa kitu. Haikukosa. Orodha ikafunguka, nikapiga simu. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

Pantoni ya Kigamboni ilikuwa na foleni siku ile, na jeneza likatoka kabla hajafika. Niliporudi kutoka makaburini nilimkuta Bi Zuhura uani kwa marehemu, amechutama kando ya ufuo, lile shimo la maji ya kumwoshea maiti. Lilikuwa limeshafukiwa. Ameweka kiganja juu ya udongo mbichi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kwamba aliyemchelewesha ni mimi. Akaniuliza, "Alikuwa amekonda?"

"Sikumwona, mama. Nilikuwa dukani."

Akatikisa kichwa, akaupapasa udongo. Hakunilaumu. Mpaka leo natamani angenilaumu.

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujaondoa kitu cha pamoja, uliza ni nani anakitegemea, maana wewe kutokukihitaji si dalili kwamba hakina kazi. Na chombo kikikuambia kinakosa nini, yasome maneno yake mpaka mwisho, kisha ukipe hichohicho. Usikidanganye kwa jina. Hata binadamu ni hivyohivyo. Wengi wanatutajia haja yao waziwazi, nasi tunafunga kioo.

Mungu amrehemu fundi Selemani na dada yake, ambaye naye ameshatangulia. Nawe unayesoma, Mola akujaalie subira ya kusikiliza, na siku yako ikifika, wale wanaokupenda wawahi kukuona uso. Amina.