Mofini ya Mzee Bukuru na Hatua Thelathini na Mbili

Kusindikizwa hatua thelathini na mbili, kutoka mlango wa Mzee Bukuru hadi barabara ya Murusagamba, kuligharimu kifundo cha mkono wake wa kulia. Hatua nilizihesabu mara mbili. Kosa nililifanya mara moja tu, likatosha.

Siku ya kwanza nilipohamishiwa huduma ya wagonjwa majumbani, mganga mfawidhi alinikabidhi chupa ya mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, akasema: "Pima dawa, kisha pima na miguu ya mgonjwa." Siku za mwanzo mofini huleta usingizi na kizunguzungu; mtu anasimama, miguu inachelewa kupata habari. Dawa niliipima mara mbili. Miguu nikaisahau.

Mzee alikuwa na saratani iliyofika kwenye mifupa. Nilimnywesha kwa bomba lisilo na sindano, tukapiga soga nusu saa, nikaaga. Kwao mgeni haondoki peke yake. Akasimama kunisindikiza, nami nikaona nikikataa nitamvunjia heshima. Kizunguzungu kikamwangusha njiani, nikawa nimemvunja mkono.

Niliporudi baada ya siku mbili, mkewe alikuwa ameificha chupa, na mzee amelala ameng'ata shuka kwa maumivu. Nikamwamkia mama.

"Marahaba. Dawa yako inalevya kuliko pombe ya ndizi, na ya ndizi angalau tunaijua."

Tukaanza kupatana kama watu wa gulioni. Mimi nilitaka anywe kipimo kamili na asiinuke. Mama alitaka asinywe kabisa. Sauti ikatoka kitandani.

"Mnaniuza bila kuniuliza?"

"Wewe unataka nini, mzee?" nikamuuliza.

"Nilale usingizi. Na mgeni wangu nimfikishe barabarani."

Mganga mfawidhi alikubali tuanze upya na kipimo kidogo, tukipandishe taratibu mwili ukizoea. Suala la barabara tukalimaliza hivi: mzee ananisindikiza kwanza, kabla ya dawa, nimemshika mkono mzima. Tunafika, tunaagana kwa heshima zote, kisha tunarudi wote wawili. Anakaa, anakunywa, nami natoka kimya kama mwizi wa kuku, yeye akijifanya hajaniona.

Miezi ya mwisho alinifikisha mlangoni tu. Baadaye kwa macho.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaobeba chupa hiyo leo, nishaurini: mgonjwa ameshakunywa dawa, anainuka akusindikize, mnamkatalia kwa maneno gani? Mimi mpaka naondoka kazini sikuyapata.