‘Nimetumwa na Mama Matembezi’

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, na katika uwanja wa shule ya lugha watu hawasikilizani kwa kelele. Kijana mrefu mwenye kaptura amesimama getini na ndoo ya plastiki mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Wenzake wanacheka mpaka wanashikana mabega.

“Hebu rudia. Ulimwambiaje mwenye duka?” anauliza mwanamke aliyekaa kwenye benchi la mbao, huku akijifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya mtandio.

“Nilisema, shikamoo mama, naomba ndoa.”

“Naye?”

“Akasema ndoa hana, hata yeye anaitafuta.”

Wanaangua kicheko upya. Mwanamke anapokea ndoo, anampongeza kijana kwa kuamkia vizuri, kisha anamtuma tena: akamwulize fundi viatu kama sandali zake ziko tayari. Kijana anatoka mbio huku midomo ikichezacheza. Analikariri neno sandali, asije akaomba sanduku.

Huyo mwenye benchi ndiye Mama Matembezi. Katika shule hii, ambako wageni wa kutoka nchi mbalimbali huja kujifunza Kiswahili, walimu wanashughulika na sarufi, na yeye anashughulika na yaliyobaki: matembezi ya Jumamosi, michezo ya jioni, sherehe za kuwaaga wanaoondoka. Jina lake halisi, hata mhasibu husahau.

Usidhani matembezi yake ni yale ya kupanda basi, kupiga picha na kurudi. Hayo aliyafanya mwanzoni, akayachoka.

“Walikuwa wanarudi na picha chungu nzima, neno jipya hata moja hawana,” anasema. “Nikajiuliza, hivi mimi natembeza watu au natembeza kamera?”

Siku hizi anawatuma. Huyu akarudishe sufuria kwa jirani, yule akaulize kwa kinyozi kama kuna foleni. Mitaa ya kuzunguka shule imeshazoea. Mgeni akibisha hodi na kutamka kwa taabu, “Nimetumwa na Mama Matembezi,” kinyozi anazima mashine yake na kumsikiliza mpaka amalize, hata kama sentensi yenyewe inachukua mwaka. Mwandishi wa makala haya naye hakupona. Kabla hajauliza swali la kwanza, alikuwa ameshatumwa jikoni kurudisha vikombe.

Mbinu hiyo hakuisomea. Alipoolewa alihamia ukweni, mbali na kwao, mahali ambapo hata lugha ya nyumbani ilikuwa nyingine. Mama mkwe wake alikuwa mwema kupita kiasi. Alimkalisha kwenye kiti, akamletea chakula, akamnyang’anya kila ufagio alioushika.

“Nilikuwa nalia nikienda kuoga,” anakumbuka. “Mgeni anakirimiwa vizuri sana, lakini watu wanajua ataondoka. Basi siku moja mama mkwe amekanda unga, mikono yote imechafuka, akanipigia kelele: wewe, hebu kimbia kwa jirani ukaniombee chumvi! Jamani, nilikimbia kama mtoto. Siku hiyo ndiyo nilijua nimefika nyumbani.”

Kipato chake ni cha kuungaunga. Analipwa kwa siku za kazi tu, na shule ikifungwa anafua nguo za watu. Kwa kuchanganya hivyo, tangu afiwe na mume, amesomesha watoto wawili. Shule nyingine ilimwahidi mshahara unaokaribia mara mbili ya huu, ilimradi akubali kurudi kwenye mambo ya basi na picha. Alikataa. Mwanawe mkubwa alinuna wiki nzima.

Lakini kuna Jumamosi moja nusura aiache kazi hii mwenyewe.

Alikuwapo mwanafunzi mzee kuliko wote, mwanamke mwenye mvi ambaye wenzake walimwita Bibi Skafu kwa sababu hakutoka bila skafu shingoni. Mwanawe wa kiume alioa hapa hapa mjini, na mjukuu wake, msichana mdogo, anajua Kiswahili tu. Bibi alivuka bahari ili aongee na mjukuu. Kila alipomsogelea, mtoto alijificha nyuma ya mlango. Darasani nako mambo yalimwendea kombo, na jaribio la kwanza alifeli vibaya. Akaiambia ofisi kwamba Jumatatu anafunga safari, anarudi kwao.

“Iliniuma,” anasema Mama Matembezi. “Nikasema, nimtume japo mara moja kabla hajaondoka.”

Akampa pazia la ukumbini alipeleke kwa fundi cherehani, likakunjwe pindo. Walisimama getini wakifanya mazoezi ya sentensi moja ile ile. Bibi akaenda. Wenzake wote wakatumwa, wakarudi, wakanywa chai. Bibi hakurudi.

“Nikasema, nisipomwona, kazi hii naiacha leo leo. Mama wa watu, mgeni, nimempeleka mwenyewe mtaani akapotee. Nilikimbia bila viatu.”

Fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye pini mdomoni muda wote, anasimulia yaliyotokea kwake.

“Alibisha hodi, nikamwambia karibu. Akanyoosha pazia, akasema, ‘Nimetupwa na Mama Matembezi.’ Mimi nikasimamisha cherehani. Umetupwa? Na yule? Haiwezekani! Nikamwambia, sema nimetumwa. Akasema tena, nimetupwa. Nikaona hanielewi. Nikachukua kipande cha kitambaa, nikakitupa kwenye kapu la taka. Nikamwambia, bibi, huku ndiko kutupwa.”

Hapo fundi anatoa pini mdomoni.

“Akaliangalia lile kapu. Akasema, ‘Ndiyo. Mimi, hivyo.’ Machozi yakaanza kumtoka. Nitafanyaje? Nikakitoa kile kitambaa, nikatunga uzi kwenye sindano, nikamsogezea kigoda. Nikamwambia, humu ndani hakitupwi kitu. Kaa, tushone.”

Mama Matembezi alipoingia akitweta, aliwakuta wamekaa goti kwa goti. Pazia lilikuwa sakafuni, wamelisahau. Walikuwa wanashona kigauni cha mwanasesere kwa vipande vya kapuni, na fundi alikuwa anatoa amri tu: nipe mkasi, nishikie hapa, niletee kitufe. Na bibi alikuwa anatii, mkasi anaujua, kitufe anakijua.

Kesho yake alikipeleka kigauni kwa mjukuu. Mtoto akachungulia kutoka nyuma ya mlango, akauliza nani kashona. “Mimi,” akajibu bibi. “Nimetumwa.” Alikosea, hakuna aliyemtuma. Mtoto akacheka, akatoka.

Jumatatu bibi alikuwa darasani, kiti cha mbele. Muda wake wa masomo umeshakwisha, lakini kila Jumamosi yupo, na leo yumo ukumbini akishona mavazi ya mchezo wa kuwaaga wanaohitimu.

Jua limepanda. Kijana wa ndoa amerudi na sandali, tena za mtu mwingine. Mama Matembezi anazikagua, anatikisa kichwa, anamrudisha. Mpango wake, anasema, ni kwamba wanafunzi wa zamani wajifunze kuwatuma wapya, maana magoti yake yameanza kugoma na yeye hataki kazi hii ife naye. Kisha anajikanda goti moja.

“Mimi nimetuma watu wengi,” anasema. “Ila tangu mama mkwe afariki, mimi sijatumwa na mtu. Nimekuwa mkubwa, kila mtu ananiheshimu. Shikamoo nyingi, kiti napewa. Nakaa kama mgeni vile.”

Mlango wa ukumbi unafunguka. Msichana mdogo mwenye mwanasesere kwapani anakuja mbio mpaka kwenye benchi, anasimama, anavuta pumzi.

“Shikamoo. Bibi amenituma.”

“Marahaba, mama. Amekutuma nini?”

“Anasema wewe uende kwa fundi ukamletee uzi mweupe.” Anafikiri kidogo, asije akaacha neno. “Na usikawie.”

Mama Matembezi anamtazama mtoto, anautazama mlango wa ukumbi. Anapapasa chini ya benchi kutafuta kandambili, anapata moja. Hangoji kuipata ya pili. Anajitanda mtandio, anamwachia mwandishi ndoo amshikie, na huyo, anavuka geti karibu anakimbia, magoti na yote.

“Niacheni nipite,” anawaambia wanafunzi waliojaa njiani. “Nimetumwa.”