Uhalifu wa Zamani wa Fundi Sofa

Fundi Sofa hajawahi kumpiga mtu kofi. Hilo tuliweke wazi mapema, maana wapo watakaokuambia vingine, na wa kwanza wao ni yeye mwenyewe. Ni mtu wa taratibu, mnene kidogo, ambaye akigonga msumari vibaya huuomba radhi ubao. Shavuni ana kovu refu linaloanzia chini ya jicho mpaka pembeni mwa mdomo, na kovu hilo alipewa na sofa. Alikuwa akivua kitambaa cha sofa kuukuu, springi ikamruka. Hospitali wakamshona, mwenye sofa akalalamika kwamba mto wake umeingia damu, na maisha yakaendelea.

Jioni, akishafunga karakana, alikwenda uwanja wa nyuma kufundisha vijana mpira. Hakuna aliyemtuma. Yeye alipenda mpira, na mkewe alipenda nyumba iwe kimya.

Kisha ukaja Ubia. Vijana wa mitaa miwili inayopakana na uwanja ule, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Reli, walikuwa wakikatana mapanga kwa sababu ambazo wao wenyewe walishazisahau. Mmoja alipokufa, wakubwa wakaona aibu. Halmashauri, polisi, viongozi wa dini, kiwanda cha soda na shirika moja la vijana wakaungana kuanzisha ligi. Walikubaliana kila kitu isipokuwa nani anunue mipira. Sheria yao kuu, lazima tuwape haki yao, ilikuwa nzuri kweli: kila timu iwe nusu Mtaa wa Juu, nusu Mtaa wa Reli, na asiyetaka kumpa pasi adui wa jana akae nje atazame. Kilichobaki ni kumpata mlezi wa vijana.

Jina la Fundi lilitajwa, likawekwa kando. Mratibu wa shirika, binti msomi mwenye roho safi, alieleza kwa upole kwamba wanamtaka mtu aliyepitia maisha ya mapanga. Mtu ambaye hata ugomvi wa foleni hajawahi kuingia atawaambia nini vijana? Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma ya ukumbi, alikubali moyoni kwamba hoja ni ya haki na yeye hana sifa. Akainuka aende zake, akapita karibu na dirisha.

"Samahani, Kocha," Mratibu akamwita. "Nani alikukata hivyo?"

Ukumbi mzima ukageuka. Fundi akafungua mdomo aseme springi, lakini akaona wanavyomtazama. Tangu azaliwe hajawahi kutazamwa hivyo na watu waliovaa tai.

"Ni mambo ya zamani," akasema. "Tuyaache."

Mkuu wa kituo cha polisi, ambaye kila mtu humwita Afande, akatikisa kichwa polepole kama anayeikumbuka kesi yenyewe. Fundi akapewa kazi palepale.

"Sikusema uongo," alimwambia mkewe alipofika nyumbani.

"Hukusema kitu," mkewe akajibu huku akichambua mchele. "Karibu ndani, Jambazi Mstaafu. Vua viatu, nimepiga deki."

Yaliyobaki watu walimsaidia kuyasema. Katika mkutano wa kwanza aliulizwa kama lilikuwa panga au kisu, akasema kisu, kwa kuwa panga aliona ni makuu. Katika wa pili akawa na kundi. Baadaye kundi likampa uongozi. Mwanzoni alipiga chuku kwa kuona haya, kisha kwa mazoea, na vijana wakamsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza zamani, alipokuwa akiwaambia tu waache kugombana. Siku moja akaalikwa redioni, mtangazaji akamwuliza mama yake alikuwa wapi wakati huo wote. Fundi alishakolea.

"Sikuwa na mama wa kunionya," akasema, na mtangazaji akalia hewani.

Mama yake alikuwa na redio.

Huyu mama alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Alilea watoto wawili peke yake baada ya mumewe kutoka kwenda kununua betri za tochi na kupotelea hukohuko. Hana nyumba ya maana wala shamba. Alichokuwa nacho ni kwamba mwanawe hajawahi kuitwa kituoni hata kuulizwa jina, na hilo alilitembeza mtaani kwake kama mwingine anavyotembeza kitenge kipya. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni mwa karakana.

"Shikamoo, mama."

"Sijaitikia. Nani alikuwa anakuamsha unywe uji kabla ya shule? Nani alikuchapa siku ulipookota kalamu ya mwenzio ukanyamaza?"

"Wewe, mama."

"Sasa mbona natangazwa kama sikuwepo?"

"Mama, ni kazi. Vijana wananisikiliza."

"Wamsikilize mtu mwema."

"Mtu mwema walikuwa naye hapa miaka yote. Hawakumsikia."

Mama akakung'uta vumbi la sponji lililomrukia kwenye nguo. "Huyo binti wenu amepewa namba yangu na mjukuu wangu, akanipigia simu. Ati nije fainali niseme neno kama mzazi. Nitakuja, na nitakuja na majirani zangu. Wote wasikie nilivyokulea."

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingemfunga mama mdomo, ila Fundi alikuwa ameapa kutolisema. Marehemu dada yake aliacha kijana wa kiume, na kijana huyo analelewa na bibi yake, huyuhuyu mama. Mwaka uliopita rafiki wa kijana huyo alipigwa na vijana wa Mtaa wa Reli mpaka akalazwa. Jioni moja, ligi ikiwa imeshaanza, mpwa alikuja karakana akaweka kisu mezani, katikati ya mikasi na sindano.

"Mjomba, wewe uliachaje?" akauliza. Alisema amekuja kwake kwa sababu wengine wote wangeshtuka, na sifa za bibi aliziona ni za kuficha aibu ya familia.

Fundi alishtuka kuliko wote. Lakini jambazi mstaafu hashtuki, kwa hiyo akakichukua kile kisu, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema, "Changu kilikuwa kirefu kuliko hiki." Akaendelea hapo, akitunga huku jasho likimtoka, mpaka kijana akalia, akakiacha kisu na kuomba bibi asijue. Leo mpwa ni nahodha, na mmoja wa waliompiga rafiki yake ndiye winga wake wa kushoto. Mama akisema ukweli mbele ya watu, kijana atajua kwamba alimkabidhi kisu mwongo. Na Fundi alijua wazi kwamba visu vingine vinauzwa kila mahali.

Siku ya fainali mama alifika na majirani watatu, wote wamependeza, wakakalishwa safu ya mbele. Wabia walikuwa wakibishana nani aanze kuhutubia. Fundi alikuwa akimsogezea mama kiti vizuri, akitafuta neno la kumwomba, nahodha alipokuja na jezi yake kumwamkia bibi. Akachuchumaa mbele yake.

"Bibi, nimesikia umemkasirikia mjomba. Leo usimseme, nakuomba. Kisu changu anacho yeye."

"Kisu gani?"

Akamweleza kwa sauti ya chini, kifupi, kama mtu anayemeza dawa. Bibi alimshika kidevu akamtazama, kisha akamtazama Fundi, na Fundi akainamisha uso. Ndipo kipaza sauti kikaita mama mzazi wa Kocha.

Sasa, huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kudanganya hata umri wa mtoto ili apokelewe shule. Alisimama, akaweka mtandio sawa, akakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wanangu," akasema, "huyu mnayemwita kocha amewaficha."

Fundi akaangalia lango la kutokea.

"Amewaficha mengi. Alikuwa mbaya kuliko alivyowaambia. Aliuza sufuria zangu zote, nikawa napikia kopo. Nilikuwa nalala na ufunguo ndani ya nguo, namwogopa mtoto niliyemzaa. Ikafika siku nikamwambia toka, nikafunga mlango. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu. Kwa hiyo aliposema hakuwa na mama, ni kweli, sikuwepo." Akamtazama mjukuu wake. "Halafu akarudi, ameacha. Kama huyu aliacha, hapa hakuna asiyeweza."

Mratibu alilia waziwazi. Mtu wa kiwanda cha soda alilia pia, ingawa ilimbidi aulize jirani yake kilichosemwa. Afande akatikisa kichwa. Kesi aliikumbuka vizuri sana. Majirani watatu walitazama chini, na mama aliporudi kitini mmoja wao akamshika mkono. Mama, ambaye maisha yake yote ndiye aliyewashika wenzake mikono, akauacha ushikwe.

Mpira ukaanza. Nahodha alimpa winga wake pasi safi mbele ya goli, winga akapiga juu kabisa, mpira ukaangukia reli. Nahodha akajishika kichwa, akacheka.

Fundi alimpata mama yake nje ya uwanja, akisubiri wenzake.

"Mama, nitakuja kwenu niwaeleze ukweli majirani."

"Thubutu. Habari itamfikia mjukuu wangu kabla hujamaliza chai."

"Sasa nifanye nini?"

"Hakuna. Wewe ulitaka kuwa jambazi, umekuwa. Ni mimi sikutaka kuwa mama wa jambazi." Hakuisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi. Alitamani achapwe, kama siku ile ya kalamu.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumsalimia. Alimkuta sebuleni na mgeni: muuza mkaa wa nyumba ya nyuma, ambaye mwanawe yuko jela kwa kuvunja duka. Kwa miaka mingi mwanamke huyu hakuvuka kibaraza cha mama. Mama alikuwa akisimama mlangoni, akimpa ushauri wa malezi ambao hakuuomba. Leo mgeni huyo alikuwa ndani, kwenye kiti kizuri, na kikombe mkononi.

"Karibu, mwanangu," muuza mkaa alimwambia Fundi, kwa upole ambao hakustahili. "Mama yako ameteseka, na mimi nilikuwa nafikiri hapa mtaani niko peke yangu. Kumbe tunalia kilio kimoja."

Fundi akatafuta pa kuweka macho.

"Kaa," mama yake akamwambia. "Mwanawe anatoka karibuni. Mweleze mwenzangu ulivyoacha, na usifupishe."

Fundi akakaa, akaanza. Alisimulia taratibu, bila chuku zaidi ya ile iliyokwisha kuwepo, na muuza mkaa alisikiliza kila neno, chai ikimpoa mkononi. Alipofika mahali pa kufukuzwa, akafupisha. Mama hakuinua macho kutoka kwenye kikombe chake.

"Na mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Umesahau mvua."