Karatasi Saba na Eda ya Dada Yangu

Admin, naomba jina langu lisionekane popote, maana sisi Wanubi wa Kampala tunajuana sana. Ndugu zangu, asalaam aleikum, na wa dini nyingine nawasalimu pia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa. Niliishia darasa la saba, lakini Mungu amenijalia kazi ya usafi katika maabara ya utafiti wa saratani. Bosi wangu ni daktari, binti mpole, ananiita Hajati ingawa Maka nimeiona kwenye kalenda tu.

Alivyozidi kuniamini akanifundisha kazi ya karatasi. Nakata karatasi nyembamba kama zile za kufutia miwani. Seli za saratani zinawekwa kwenye karatasi ya kwanza, juu yake tunapanga nyingine sita tupu, tunazibana pamoja, zinakaa kwenye kabati la joto. Siku ya tatu nazibandua moja moja, taratibu kama chapati zilizoshikana. Zikitiwa rangi, seli zinaonekana kama madoa, na daktari anapima zimetambaa mpaka karatasi ya ngapi. Nyingi hufika ya pili au ya tatu, basi. Nilipoanza waliniambia nitie sahihi kwamba ya mle ndani sitayatoa nje. Walitaka sahihi tu. Mimi mwenyewe nikaongeza msahafu, nikaapa.

Sasa dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea, anauza nguo soko la Owino. Mwaka huu aliota uvimbe kwenye titi. Hospitali walimtoa kinyama cha kupima, wakamwomba kitakachobaki kiende kwenye utafiti wa maabara yetu, akakubali. Fomu yake niliitunza mimi mkobani. Juu imeandikwa namba arobaini na moja. Majibu yakaja kwamba ni saratani, afanyiwe upasuaji. Zikiwa zimebaki siku nne, shemeji yangu akafariki ghafla. Dada akaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba yao Kasubi, akasema kisu kitamsubiri atoke.

Tumembembeleza sana. Sheikh wetu alikuja akamweleza kwamba mgonjwa mwenye dharura anaruhusiwa kutoka. Yeye akajibu kwamba uvimbe haumuumi, sasa dharura iko wapi? Anaogopa pia maneno ya wakwe, kwamba marehemu hata hajapoa mjane ameshaanza kutembea.

Wiki iliyopita nilibandua karatasi za namba arobaini na moja. Nilijua ni za nani, na kosa langu ni kwamba sikumwambia daktari. Zilipotiwa rangi, ya kwanza ilikuwa na madoa. Ya pili pia. Nikafika ya tano, bado madoa. Ya saba, ya juu kabisa, ilijaa madoa kama nguo iliyoshika ukungu. Nikamuuliza daktari, kama mtu anayeuliza tu, kama ugonjwa wa mtu huyu unakwenda mbio. Akacheka.

"Hajati, karatasi si mtu. Hizi haziwezi kutuambia habari ya mgonjwa mmoja."

Kisha akainama tena kwenye ile ya saba, akahesabu madoa yake.

"Ila huyu," akasema, "natumaini walishamkata uvimbe wake."

Ijumaa baada ya swala nilikwenda kwa dada. Nilimkuta na nguo zake nyeupe, anakata siku kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Akanitania kwamba nanuka dawa za Wazungu mpaka paka kakimbia. Halafu akanishika mkono.

"Mdogo wangu, wewe uko kule ndani. Sheikh kasema dharura. Niambie kweli, huu wangu una haraka? Ukisema una haraka, kesho natoka, wakwe waseme watakavyo."

Nikakumbuka ule msahafu. Nikakumbuka na lile la karatasi si mtu. Nikasema, "Wallahi, dada, sijui."

Akashusha pumzi kama aliyetuliwa mzigo, akasema alhamdulillah, basi tusubiri. Zimebaki siku hamsini na mbili. Aliponisindikiza hadi mlangoni nikaona anajikandakanda chini ya kwapa, upande ule ule wa uvimbe. Akasema ni joto tu.

Tangu hapo nikisujudu naona ile ya saba. Nikisema, nimevunja kiapo, kazi imekwenda, na huenda nimemtoa mjane edani kwa ajili ya karatasi. Nikinyamaza, nimemwapia uongo mtu aliyenibeba mgongoni, na kwa uongo huo amekaa nyumbani.

Leo asubuhi daktari ameniambia nikate karatasi mpya za namba arobaini na moja. Nikauliza, saba tena? Akasema hapana, Hajati, safari hii kata kumi na mbili, saba hazikutosha.

Nimezikata. Ziko mezani, nyeupe, zinasubiri. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mimi mngefanyaje? Nishaurini mapema, nawaomba.