Picha za Kona

Mtaani kwetu walimwita Mzee Flashi, hata wale waliozaliwa baada ya studio yake kufungwa. Kwa miaka mingi, mtu akihitaji picha ya pasipoti, ya kitambulisho au ya harusi, alikwenda kwake. Alikuwa na mdomo huyo! Mteja akikunja uso alimwambia, "Bwana, hii picha si ya polisi. Legeza." Mteja akicheka, ndipo naye anabonyeza. Simu zenye kamera zilipoenea, studio ikafa polepole. Kwanza walipotea vijana, kisha familia, wakabaki wa pasipoti tu, na hao nao mwishowe hawakuonekana. Mzee akamrudishia mwenye nyumba funguo zake, akahamia kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Binti huyo anauza katika duka la dawa. Ni mtu wa maneno machache, mwenye huruma, na haogopi kazi. Mama yao alikwisha kufariki. Kaka yake, fundi wa majokofu, anaishi upande wa pili wa mji, na ndiye aliyemnunulia baba kamera ya kisasa ili asikae akihesabu nzi. Mzee aliipenda kamera ile kama mjukuu. Kila asubuhi baada ya chai aliivaa shingoni, akatoka, na mchana akarudi na vumbi kwenye viatu na hadithi mdomoni.

Jioni walikaa kwenye kochi wakitazama picha alizopiga. Matatizo yalianzia hapo.

"Hii umepiga wapi, Baba?" binti aliuliza siku moja. Ilikuwa picha ya wanawake wawili wamebeba godoro, wanacheka mpaka godoro limepinda.

Mzee akaitazama kwa muda. "Kule."

"Kule wapi?"

"Kule kule, mama. Wewe unataka picha au unataka anwani?"

Wakacheka. Lakini alipoulizwa tena siku nyingine, juu ya picha nyingine, hakucheka. Aliizima kamera, akaenda kulala kabla ya chakula. Binti akajiambia ni uzee tu, mtu hawezi kukumbuka kila kitu.

Baadaye akasoma kwenye kijitabu cha kamera kwamba inaweza kuchukua lokesheni kutoka kwenye simu. Siku yake ya mapumziko akaweka programu kwenye simu ya baba, akaviunganisha vile vitu viwili, kisha akamweleza.

"Simu ikiwa mfukoni mwako, Baba, kamera inaiuliza tuko wapi. Ukipiga picha, inaandika humo humo ndani ya picha. Hutaumiza kichwa tena."

"Kwa hiyo kamera haijui ilipo mpaka imuulize mwenzake?"

"Ndiyo."

"Na huyo mwenzake hachoki kuulizwa?"

"Hachoki."

"Afadhali yeye," alisema mzee, akaitia simu mfukoni.

Mambo yakaenda vizuri kwa muda. Ila mzee aliacha kuonyesha picha zake jioni. Akiulizwa, anasema leo hakuna la maana. Binti hakumsumbua. Siku moja mzee alipokwenda kwa kinyozi, akaiacha kamera mezani inaonyesha kwamba kadi imejaa. Binti akaichomeka kwenye kompyuta ahamishe picha, apate kumwachia nafasi.

Anasema alizipitia moja moja. Hazikuwa na mtu hata mmoja. Tangi la maji juu ya paa. Nguzo ya umeme iliyoinama. Geti jekundu la bohari. Kibao cha fundi cherehani. Kesho yake, vilevile. Keshokutwa, tangi, nguzo, geti, kibao, na zingine zimekaa upande. Baba yake, aliyekuwa akimrudisha mteja kitini kwa sababu ya ukosi uliokunjika, alikuwa akipiga picha kama mtu anayebahatisha. Binti akadhani macho ya mzee yameharibika.

Ndipo akafungua ramani. Picha zilijipanga toka mlangoni kwao mpaka bustani ya maktaba, mahali mzee alipopenda kukaa. Barabara iliponyooka hapakuwa na picha. Kila penye kona, picha. Na kulikuwa na jingine. Lile geti jekundu analijua, hulipita akienda kazini. Ukitoka nyumbani huwezi kuliona namna ile. Utaliona hivyo ukishalipita, ukageuka, ukatazama ulikotoka.

Mzee alikuwa akigeuka kila kona na kupiga picha ya njia ya kurudi. Halafu, wakati wa kurudi, anazifuata moja moja kwenye kioo cha kamera mpaka anafika nyumbani.

Baba mtu akaingia, ndevu zimenyolewa vizuri, ananukia. Kama binti angengoja kidogo, akatafuta maneno, pengine mengine yasingetokea. Hakungoja.

"Baba, unapotea njia?"

Mzee akasimama pale pale. "Nani kakwambia?"

"Nimeziona picha."

"Picha zangu? Umezifungua?"

"Kadi ilijaa, nilikuwa nazihamisha tu…"

"Bila kuniuliza." Hakupandisha sauti. "Tangu naanza kazi ile, picha ya mtu nilimkabidhi mwenyewe mkononi. Mke hakupewa ya mume, mume hakupewa ya mke, hata wakinipigia magoti. Leo mtoto wangu ananichungulia kama mwizi."

"Si kukuchungulia, Baba. Tungekwenda hospitali mapema—"

"Na usimwambie kaka yako. Atanifungia ndani." Akamshika binti mkono. "Naomba, mama. Usimwambie."

Jioni ile kaka alipopiga simu kuulizia hali, binti alijibu, "Baba mzima." Alikata simu, akakaa ameshika tama.

Toka siku hiyo mzee alitoka na kamera tu. Simu aliiacha mezani, kioo kimelazwa chini. Binti akimtilia mfukoni, anaitoa mlangoni na kuirudisha bila neno. Alikuwa bado anarudi mchana kama kawaida, kwa hiyo binti akamwacha, akitumaini hasira itapoa. Alipanga kumpeleka kwa daktari hasira ikishapoa.

Halafu ikaja siku ambayo binti alirudi kula chakula cha mchana akaikuta simu mezani na mzee hayupo. Akangoja. Akatoka mpaka barabarani, akarudi. Akaja kwangu kuuliza, nikamwambia nilimwona asubuhi tu, akinipungia mkono. Akampigia kaka yake.

"Si ana simu? Mpigie," kaka alisema.

"Simu ninayo mimi."

"Na ile lokesheni uliyoweka kwenye kamera?"

"Kamera bila simu haijui kitu, kaka." Kisha akamweleza yote, hapo hapo mlangoni, mimi nikisikia.

"Umelijua hili, ukaniambia mzima?"

"Alinisihi."

"Nakuja," kaka alisema.

Binti hakumsubiri. Alizihamisha zile picha za zamani toka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu yake, akaanza kuzifuata mwenyewe, kona kwa kona. Tangi lilikuwepo. Nguzo ilikuwepo. Alipolipita geti akatazama picha, akageuka, akatazama tena picha. Geti lilikuwa kijani. Mafundi rangi wawili walikuwa wakisafisha brashi zao.

"Mmelipaka lini?"

"Tumeanza leo asubuhi, dada."

"Mmemwona mzee ana kamera shingoni?"

"Yule babu? Tumemwona," mmoja alisema. "Alikuwa anatoka huko maktaba. Akasimama hapa, anatazama kamera, anatazama geti, anatazama kamera. Tukadhani anataka kutupiga picha, tukajipanga kabisa. Mwenzangu huyu mpaka kofia alivua. Akaondoka zake bila kutupiga."

"Alipinda hapa?"

"Hakupinda. Alikwenda moja kwa moja, kule kwenye barabara kubwa."

Kaka alimkuta hapo hapo na gari lake la kazi. Waliiandama barabara kubwa taratibu, dada kwenye dirisha hili, kaka kwenye lile, wakisimama kila penye watu. Njia nzima kaka hakumlaumu, na dada anasema afadhali angemlaumu.

Walimpata kwenye kiwanda kidogo cha matofali, mbali kuliko walivyofikiri mtu wa umri ule anaweza kutembea. Amekaa juu ya rundo la matofali, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mwenye kiwanda, mama mmoja mnene, alikuwa amempa maji na kumkingia jua kwa mwavuli. Mzee alikuwa akimwonyesha kioo cha kamera.

"Geti jekundu, mama yangu. Mtu hawezi kukosa kuliona geti jekundu."

"Hapa hakuna geti kama hilo, babu," yule mama alisema kwa upole. Ilionekana amekwisha kulisema mara nyingi.

Mzee akawaona wanawe. Kwanza aliwakunjia uso, kama amefumaniwa. Kisha akamgeukia binti. "Mama, wameliiba geti," alisema, na machozi yakamtoka. Binti alitaka kumweleza habari ya rangi, akashindwa. Kaka akapiga goti kwenye vumbi, akamvisha baba yake kiatu.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau na haurudi nyuma. Kaka akaleta kufuli, akalitia kwenye geti la nyumba. Walibishana sana siku hiyo, ndugu wawili ambao hatukuwahi kuwasikia wakibishana. "Unataka tumwokote wapi safari ijayo?" kaka alipaza sauti. Kufuli likabaki.

Siku za mwanzo mzee alilitikisa geti, akatuita majirani kwa majina. Sisi tulijifanya hatusikii. Mimi niliongeza sauti ya redio. Baadaye akaacha kuita.

Binti hakuweza kuvumilia. Akaomba zamu ya mchana dukani, asubuhi akawa anamtoa baba mpaka bustanini na kumrudisha, amemshika kiwiko. Mchana nakaa naye mimi. Kamera mzee hakuitaka tena; alisema mkanda unamuuma shingo.

Asubuhi moja, wakiwa wamekaa kwenye benchi, binti alipiga moyo konde. "Baba, nisamehe kwa zile picha."

Mzee alimgeukia kwa adabu, kama anavyomgeukia mteja. "Picha gani, mama?"

Akaanza kumwelezea: kadi, kompyuta, ramani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole," alimwambia. "Huyo baba yako alikasirika sana?"

"Sana."

"Mwambie tu. Ataelewa."

Wakakaa kidogo, kisha binti akamnyanyua, wakarudi nyumbani, kwa kuwa saa za kwenda kazini zilikuwa zimekaribia.