Nanjunda Alivyoiamsha Zana Iliyolala

Mpwa wangu Nanjunda ana akili, na akili hiyo kairithi upande wa mama yake, yaani upande wangu. Baba yake alikuwa mtu mpole, tuishie hapo. Mimi shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, lakini katika jengo lile la vioo hapa Bengaluru, lenye watu wengi kuliko kijiji chetu ukijumlisha na ng'ombe, ghorofa nzima ya nne ilinijua. Ndiye mimi mpika kahawa. Mhandisi angeweza kufukuzwa asubuhi na mchana asikumbukwe. Kahawa yangu ikichelewa, watu walitokwa na machozi.

Hata hivyo, kwenye harusi za ukoo dada yangu hajawahi kusema, "Ndugu yangu huyu anapika kahawa." Ni Nanjunda wangu, Nanjunda wangu, mpaka wali unapoa. Basi mkiona namsimulia mpwa wangu kwa jicho kali kidogo, mjue lilinolewa na mama yake.

Alipoanza kazi, ghorofa ile ilikuwa kama ua wa nyumba moja. Mchana meza zinasogezwa pamoja, makopo ya chakula yanafunguliwa, mkono wa huyu uko kwenye kopo la yule. Ugali wa ulezi wa dada yangu ulichekwa siku ya kwanza. Siku ya pili waliocheka ndio waliotangulia kuumega. Halafu akaja bosi mpya, Bwana Ruparel, akabandika ubao ukutani. Majina yetu, samahani, majina yao, yalipangwa kila Jumatatu: mchapakazi juu, mzembe chini. Akatangaza kwamba atakayekuwa juu baada ya sikukuu ya Dasara ndiye atakayeongoza timu.

Tangu siku hiyo kila mtu akawa anakula amewageuzia wenzake mgongo, kama kuku aliyeokota mnyoo.

Juu ya ubao alikaa Sukanya Hegde, msichana aliyefundishwa kazi na Nanjunda mwenyewe. Jioni jua likiwa bado lipo, Sukanya anachukua mkoba, anaaga, anakwenda kwenye mazoezi yake ya kuimba. Mpwa wangu anabaki na macho mekundu. Nywele zikamtoka. Usingizi ukamkimbia. Akawa anakunywa kahawa yangu bila kuisifu, nikajua huyu ni mgonjwa.

"Mjomba, umemwona?" akaniambia siku moja.

"Nani?"

"Huyo. Anaondoka anacheka."

"Kwani kucheka nako kumepigwa marufuku?"

"Mimi ndiye niliyemfundisha! Mimi! Leo kanikalia kichwani."

"Basi na wewe nenda ukaimbe."

"Acha utani, Mjomba. Nikisikia tu kicheko chake naziba masikio."

Hasidi hana sababu, wanasema. Huyu alikuwa nazo gunia zima, na alizibeba kila siku kwenda nazo nyumbani.

Ikafika sikukuu ya zana, siku moja kabla ya Dasara. Siku ile kwetu hakuna chombo kinachotumwa kazi. Mkulima anaosha jembe, dereva analivika basi maua, na pale ghorofani kila mtu aliifuta kompyuta yake, akaipaka manjano na rangi nyekundu, akaivika shada. Ikishaombewa imelala mpaka kesho yake. Kuiamsha ni kama kumtoa mgonjwa kitandani umpeleke shamba. Bosi Ruparel alikereka, lakini wote walimwambia kwa sauti moja kwamba siku hiyo haiwezekani, naye akanywea.

Sukanya alikuja na sari ya hariri ya kijani, akapewa heshima ya kuvunja boga mlangoni ili kuondoa kijicho. Kipande kikaruka hadi kwenye kiatu cha Nanjunda.

"Kaka Nanju, kijicho kimekukimbilia wewe!" akasema. Watu wakacheka. Mpwa wangu akapangusa kiatu.

Watu wakala bisi za mchele na sukari guru, wakaenda makwao. Mimi nilikuwa navika masufuria yangu maua niliposikia ta-ta-ta-ta. Nikachungulia. Nanjunda kasukuma shada kando, anapiga vitufe.

"We mtoto wa dada yangu! Zana imelala hiyo!"

"Kazi ya mteja, Mjomba. Nikiituma leo, Jumatatu niko juu ya Sukanya ubaoni."

"Mimi hata sufuria nimeilaza, na mimi ndiye ninayehitajika kuliko nyote."

"Ondoka, Mjomba."

Niliondoka. Huwezi kumnyang'anya mtu mzima sumu kama kaishika kwa mikono miwili.

Jumatatu jina lake lilikuwa juu. Bosi akawaita wote mbele ya ubao, wakapiga makofi.

"Nyote mliniambia siku ile kazi haiwezekani," akasema bosi. "Nanjunda kafanya. Amekufa? Hajafa. Basi kuanzia mwakani, siku ile ni ya kazi kama nyingine. Na kiongozi wenu mpya ndiye atakayesimamia."

Makofi yakakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hongera, kiongozi," kama anayetema kokwa.

Sukanya alimfuata Nanjunda mpaka kwangu kwenye kahawa. "Kaka, ungesema tu. Ningekusogezea kiti hicho. Mimi nilikuwa nawaza nitakikataaje."

"Ulikuwa hukitaki?"

"Nikae hapa mpaka usiku? Nani ataimba?"

Nimemwona mpwa wangu akianguka mtini utotoni. Hakuwa na uso ule.

Mwaka uliofuata siku ya zana ilifika. Nanjunda alipita meza kwa meza kuwaambia watu wafungue kompyuta, na wakafungua bila kumtazama. Sukanya alikuwa ameshaacha kazi. Nikadhani sasa moyo wa kijana utatulia, maana wa kumwonea wivu hayupo tena.

Bosi akabandika ubao wa pili, wa viongozi. Nanjunda alikuwa karibu na chini. Juu kabisa kulikuwa na mama mmoja wa ghorofa ya sita.

Akaja kwangu, akaegemea ukuta.

"Mjomba, yule wa ghorofa ya sita huondoka saa ngapi?"

"Kamuulize mpika kahawa wa huko," nikamwambia. "Ila usinywe. Yake ni maji matupu, sijui wanamsifia nini."